Nani Atangulie Njiani?

Wapenzi wanandoa, ni lini mara ya mwisho ninyi wawili mlitembea pamoja kwa miguu, bila haraka ya kuwahi matatu, bila mtoto mgongoni na bila kikapu cha sokoni? Wengi wenu mtafikiri kwanza kabla ya kujibu. Mume anayeishi Ruiru na kufanya kazi Nairobi huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko na kurudi usiku. Mke mwenye duka mjini Thika hufunga hesabu zake wakati watoto wamekwisha lala. Wakikutana wamechoka, na mazungumzo yao huwa ni karo, kodi na maji yaliyokatika. Nyumba yaendelea vizuri machoni pa watu, lakini ule urafiki uliowaleta pamoja hupungua kidogo kidogo bila mtu kugundua.

Leo tunawashauri jambo ambalo pengine mtaliona kuwa la vijana au la watalii: tafuteni siku moja mpande mlima, wawili peke yenu, na usiku mlale katika hema. Watoto waachieni nyanya yao au shangazi. Tunasema hivyo si kwa ajili ya starehe tu. Njia ya mlimani yenye mawe huonyesha upesi jinsi mume na mke wanavyotendeana, na yanayoonekana huko ndiyo yanayotendeka nyumbani kila siku.

Mlima ulio karibu nasi

Hamna haja ya kwenda mbali. Kutoka Thika mkifuata barabara ya Garissa, kisha mkakata kulia, mtafika mji mdogo wa Donyo Sabuk, na mlima u mbele yenu. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wengi wetu twaujua kwa jina la Kilimambogo, kwa sababu ya mbogo waliojaa katika misitu yake. Kilele chake kina urefu wa mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Tangu mwaka 1967 mlima huo umekuwa hifadhi ya taifa, nayo ni ndogo, kama kilomita 20 za mraba hivi.

Kutoka langoni hadi kileleni ni mwendo wa kilomita 9 hivi. Njia yazunguka-zunguka msituni, na mahali pengine kokoto huteleza chini ya kiatu. Kwa mwendo wa kawaida mtatumia muda wa saa tatu au nne kupanda. Hewa ikiwa safi, kutoka juu mtaona mji wa Thika, Mto Athi ukipinda bondeni, na huenda hata Mlima Kenya. Wale mbogo si hadithi, kwa hiyo msitembee bila askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS. Ulizeni mapema bei za kuingia, mahali pa kupiga kambi na utaratibu wa kupata askari. Mwenye shida ya moyo, presha au magoti amwone daktari kwanza. Sasa tuangalie masomo manne ambayo safari hiyo yaweza kutufundisha.

1. Aliye polepole atangulie

Watu wengi wakipanda mlima, mwenye nguvu hutangulia. Mara nyingi huwa ni mume. Hupiga hatua ndefu, kisha husimama juu ya mwamba na kumngojea mkewe. Mke akifika anahema, mume aliyekwisha kupumzika husema, "Haya, twende," naye huondoka tena. Hebu fikirini: ni nani aliyepumzika hapo? Mwenye nguvu amepumzika mara kumi, na mchovu hajapumzika hata mara moja. Tena mchovu ameona aibu mara kumi, maana kila alipofika alikuta anangojewa.

Wazoefu wa milima hufanya kinyume. Humweka mbele yule aliye polepole, na wengine wote hufuata mwendo wake. Hapo hakuna anayeachwa wala anayeona aibu, na safari nzima mara nyingi huwa ya upesi zaidi, kwa kuwa hakuna anayechoka kupita kiasi. Jaribuni hivyo. Wewe mume, kaa nyuma ya mkeo uone kazi iliyo katika hatua zake. Na kama mume ndiye mzito siku hizi, mke naye asimcheke.

Nyumbani je? Katika kila jambo yuko aliye mbele na aliye nyuma. Mmoja huamua upesi, mwingine huhitaji siku tatu za kufikiri. Mmoja husamehe jioni ile ile, mwingine huumia wiki nzima. Mmoja amekwisha kulia msiba wa mtoto, mwingine bado. Msiambiane, "Mimi nimekwisha fika, mbona wewe bado?" Mwulize mwenzako amefika wapi, halafu mtembee kutoka hapo.

2. Mzigo ugawanywe kabla ya kuondoka

Usiku wa kuamkia safari, tandazeni vitu vyote sakafuni: hema, blanketi, sufuria, chakula, tochi, sweta na maji. Kwa siku ya kupanda, kila mtu ahesabu angalau lita mbili za maji. Kisha gawaneni pamoja huku mkipima mkononi uzito wa kila mfuko. Vya kulalia mtaviacha kambini, nanyi mtapanda na vile vinavyohitajika njiani tu.

Twasisitiza jambo hili kwa sababu katika nyumba nyingi mzigo haujawahi kutandazwa sakafuni. Mume hajui mkewe hubeba nini tangu alfajiri. Mke hajui mumewe ana deni gani katika chama cha akiba na mikopo. Kila mmoja anaamini kwamba wake ndio mzito, na wote wawili wananung'unika kimoyomoyo. Mkizoea kupima mifuko pamoja, mtaweza pia kuketi mezani na kupima mambo ya nyumba: nani hufanya nini, nani anadaiwa nini, na ni kitu gani tunachokibeba ambacho kingeweza kuachwa.

3. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi

Wahenga walisema hivyo, na mlimani msemo huo huonekana wazi. Mahali penye mwinuko mkali mtu hana pumzi, jua linamchoma na kiatu kinambana. Neno dogo hapo huwa kubwa. "Nilikuambia ununue viatu vingine" ni ushauri mtu akiwa amekaa, lakini kwa mtu anayehema ni tusi. Basi wekeni sharti tangu mwanzo: kwenye mwinuko hatuzungumzi mambo mazito. Twaulizana maji, twapeana mkono penye mawe, basi.

Yale mazito ngojeni mpate kivuli, mketi, mnywe maji na kula kitu. Ketini kando kwa kando mkitazama bonde. Watu wengi, hasa wanaume, huona ni rahisi kusema jambo gumu wanapotazama mbele kuliko wanapotazamwa usoni. Mmoja aseme hadi amalize, mwingine asimkatize. Jambo lililokaa miaka miwili bila kutajwa laweza kutajwa hapo kwa sauti ya chini, kwa kuwa hakuna mtoto wa kusikia wala jirani.

Desturi hiyo irudi nanyi nyumbani. Saa ya kufika kutoka kazini na njaa ni mwinuko mkali. Mwisho wa mwezi kabla ya mshahara, pia ni mwinuko mkali. Mwache mwenzako apumue kwanza.

4. Si lazima kufika kileleni

Njiani, chini ya kilele, mtakuta makaburi. Amezikwa hapo Bwana William Northrup McMillan, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mlowezi mwenye mashamba makubwa huko Juja, kati ya Ruiru na Thika, na katika sehemu za mlima huu. Hatumtaji ili kuusifu ulowezi, maana sote twajua ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla yake. Twamtaja kwa sababu ya kaburi lake. McMillan alifariki mwaka 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni, lakini siku ya maziko gari lililobeba jeneza lilishindwa na mwinuko, akazikwa njiani. Mkewe, Lucie, aliishi miaka mingine 32. Katika miaka hiyo maktaba iliyopewa jina la mumewe ilifunguliwa mjini Nairobi, mwaka 1931. Lucie alipofariki mwaka 1957 alizikwa hapo hapo kando ya mumewe. Karibu nao amezikwa Louise Decker, aliyewatumikia.

Pumzikeni kidogo mahali hapo, mkaangalie saa. Kabla ya kuondoka langoni mlipaswa kukubaliana saa ya kugeuka. Ikifika, mnageuka, hata kama kilele kinaonekana. Kwetu jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza huingia upesi. Vilevile mmoja akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au goti likivimba, nyote wawili mnageuka. Asiachwe mmoja njiani ili mwingine akapige picha juu.

Tunajua familia nyingi kati ya Ruiru na Thika zina kilele chao: ploti na nyumba ya mawe. Ni jambo jema, na watoto wanahitaji makao. Lakini wako waliokopa huku na huku, wakanyimana hata nauli ya kwenda hospitalini, ili paa likamilike kabla ya Krismasi. Paa lilikamilika, na walioingia chini yake walikuwa hawasemezani. Ikiwa mwenzako amekuambia, "Mimi nimechoka, tupumzike mwaka huu," msikilize. Ploti itangoja.

Kushuka na kulala

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wengi huanguka wakati wa kushuka, kwa sababu hudhani kazi imekwisha. Fungeni kamba za viatu vizuri, pigeni hatua fupi, na mwenye miguu imara atangulie ili mwenzake ashike bega lake. Mkifika kambini, mmoja apike na mwingine asimamishe hema kabla ya giza. Simu zizimwe. Osheni miguu kwa maji ya vuguvugu, na ikiwezekana kila mmoja amwoshee mwenzake. Kama mna chozi la asali la kuongea, hapo ndipo pake. Kama hamna, kaeni kimya mkiota moto. Jumapili mtaamka mapema, mkarudi kuwachukua watoto na kwenda Misa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Katika nyumba yetu, ni katika mambo gani mimi hutangulia na kukungoja kwa hasira?
2. Ni mzigo gani ninaoubeba ambao wewe hujawahi kuupima mkononi?
3. Ni saa gani ya siku ambayo tukubaliane kutozungumza mambo mazito?
4. Je, tuna kilele tunachokilazimisha mwaka huu ingawa mmoja wetu amechoka? Tukigeuka sasa, tutapoteza nini, na tutaokoa nini?

Kila mmoja ajibu kwanza peke yake kwa kuandika, kisha mbadilishane karatasi. Anayesoma asijibu neno usiku huo. Ajibu kesho yake, akiwa amelala na kupumzika.