Weka Tarehe, Hamu Itakufuata

Vijana wengi wanaonijia katika soko la Konyokonyo, ninapoandika mabango ya vinyozi na maduka, huniuliza swali moja: hamu ya kuendelea na sanaa hapa Juba wataipata wapi? Wengine wanachora, wengine wanaimba au wanaigiza, na vipaji wanavyo. Shida yao ni kwamba hakuna anayewasubiri. Wachore leo wasichore, hakuna atakayeuliza. Hapo ndipo hamu inapofia, na hapo ndipo pa kuanzia kuitafuta.

Mimi nimelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, nikarudi Juba baada ya uhuru wa Sudan Kusini, na brashi ndiyo inayonilisha. Haya nitakayoyasema nayafanya mwenyewe.

Mtafute wa kukudai

Usikae ukingoja hamu ije ndipo uanze. Mwendee mtu unayemheshimu, umwahidi kazi moja na siku ya kuiona. Si lazima awe msanii. Wa kwanza kunidai alikuwa mama muuza chai aliyetaka picha ya kibanda chake. Kila nilipopita aliniita: "Mwanangu, picha yangu imefikia wapi?" Nami nikamjibu: "Ijumaa nakuletea, mama." Kwa swali lile nilishika brashi hata siku ambazo mwili ulikataa.

Kazi kubwa za mji huu zimezaliwa hivyo hivyo. Wimbo wetu wa taifa ulipatikana kwa shindano, na muziki ulioshinda ulikuwa wa wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Juba. Walikuwa wakitunga kwa ajili ya nchi iliyokuwa ikiusubiri: Julai 9, 2011 bendera ingepandishwa, na wimbo ulitakiwa uwepo. Mwaka uliofuata, uhuru ukiwa haujatimiza mwaka, kundi la South Sudan Theatre Company lilipanda jukwaa la Globe mjini London, likaigiza tamthilia ya Shakespeare, Cymbeline, kwa Kiarabu cha Juba, kwa tafsiri ya Joseph Abuk. Tamasha lile lilikuwa na tamthilia 37 kwa lugha 37. Fikiria waigizaji wa taifa changa kuliko yote duniani, wana tarehe mkononi na watazamaji wanawangoja. Mtu wa namna hiyo haulizi kama leo ana hamu.

Linda saa za asubuhi

Joto la Juba humaliza nguvu kabla ya adhuhuri. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu joto lilitazamiwa kufika nyuzi 45. Kwa hiyo kazi yangu mwenyewe naifanya alfajiri, kabla sijafungua simu na kabla wateja hawajafika. Mwanga wa saa hizo hauhitaji jenereta wala sola. Chagua saa yako, watu wa nyumbani waijue, na uikalie hata kama utachora mstari mmoja tu.

Anza na vifaa vilivyopo

Rangi za wasanii huletwa kutoka Kampala au Nairobi, zikapita mpaka wa Nimule na barabara ya kilomita 192 hivi ya kuja Juba, na hadi zifike hapa bei imepanda. Ukisema utaanza siku utakapozinunua, hutaanza. Rangi za nyumba zipo madukani. Plaiwudi iliyobaki kwa seremala, gunia lililokazwa kwenye fremu, kipande cha turubai, vyote hushika rangi ukivipaka kwanza tabaka jeupe, ukaliacha likauke vizuri.

Kazi ya riziki iwe jirani na sanaa

Ukiweza, tafuta riziki inayozoeza mkono uleule. Kuandika mabango kumenifundisha herufi, vipimo na jinsi rangi mbili zinavyoonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Mwimbaji anaweza kuongoza sherehe za harusi. Mwigizaji anaweza kusoma matangazo redioni. Usiione kazi hiyo kuwa duni. Ndiyo inayokuwezesha kurudi kwenye sanaa kesho bila njaa.

Ingia kikundini

Kidole kimoja hakivunji chawa. Baada ya mapigano ya Julai 2016, wanamuziki, wachoraji, waigizaji na washairi waliunda kundi la AnaTaban. Walichora kwenye kuta na kuigiza hadharani wakidai amani. Kila mmoja wao angeweza kukata tamaa peke yake, lakini wakiwa pamoja, aliyechoka alikuta mwenzake ameshachanganya rangi. Watafute watu watatu au wanne, mkutane siku moja kila wiki, na kila mtu aje na kazi, hata kama haijakamilika.

Wape wazee cha kuona

Wazazi wetu wamepita vita na kambi. Wakikwambia utafute mshahara, wanakuombea usalama, basi usiwajibu kwa ukali. Peleka sehemu ya malipo yako nyumbani, hata kama ni sukari na unga. Kazi yako ikionyeshwa katika kituo cha utamaduni cha Nyakuron au popote, mwalike mjomba, umkalishe mbele. Mzee akiona watu wanasimama mbele ya kazi ya mtoto wake, huanza kuisimulia kwa majirani, na kuanzia hapo naye anakudai.

Ukisikia mtu anasema hapa kwetu hakuna sanaa, mkumbuke mwandishi Taban lo Liyong. Mwaka 1965 alilalamika kwa maandishi kwamba Afrika Mashariki ni kame kwa fasihi. Hakuishia kulalamika. Kuanzia 1969 alitoa kitabu baada ya kitabu, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Juba.

Leo, kabla hujalala, chagua kazi ndogo unayoweza kuimaliza ndani ya wiki mbili. Mtumie mtu mmoja ujumbe, umtajie siku utakayomwonyesha. Kisha kesho uamke mapema, maana tayari yuko anayekungoja.