SOMO LA KIINGEREZA: MANENO YA ROKETI NA SETILAITI



Mwezi huu tutajifunza maneno ya Kiingereza yatumikayo katika habari za roketi na safari za angani. Huenda ukasema, "Mimi nina ng'ombe watatu na ekari saba hapa skimu. Roketi yanihusu nini?" Ngoja kidogo. Habari za mvua zinazobandikwa kwenye ubao wa ofisi yetu zategemea sana vyombo vilivyoko juu, nazo mara nyingi huletwa kwa Kiingereza. Tena utaona kwamba maneno mengi ya kazi hii unayo tayari nyumbani kwako, ila hukujua kuwa yamefika mbali hivyo.

Tuanze na neno "space". Hili umelisikia kwa Bwana Shamba siku ile alipokufundisha kupanda mahindi kwa mistari, sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Kazi hiyo kwa Kiingereza huitwa "spacing", maana yake kuachanisha kwa nafasi. "Space" ni nafasi. Na ile nafasi kubwa kupita zote, iliyo juu ya hewa tunayovuta, pasipo na wingu wala upepo, nayo huitwa "space". Hutamkwa speis, kwa pigo moja tu. Wengi wetu husema "sipesi", kwa maana ulimi wetu hupenda kutia irabu kati ya konsonanti, na nyingine tena mwishoni. Fanya hivi: piga sss kama nyoka, halafu bila kupumua sema peis. Speis. Kazi iko hapo mwishoni, kuikata s na kunyamaza.

Neno la pili lalijua kila mtu aliyepewa shamba: "land". Limeandikwa kwenye hati yako. Lakini "to land" ni kutua, kama ndege atuavyo. Waamerika wawili, Neil Armstrong na Buzz Aldrin, walitua mwezini kwa chombo chao mwaka 1969. Armstrong alipokanyaga mavumbi ya mwezi, kwao Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 20 Julai, bali kwa saa za Kenya ilikuwa tarehe 21, saa kumi na mbili kasoro dakika nne asubuhi, saa ya kukamua. Jambo hilo Waingereza huliita "the Moon landing". "Moon" ni muun, u ndefu, kisha unyamaze kwenye n. Usiseme "muni".

Sasa "stage". Kila mtu wa skimu ajua steji, mahali pa kushuka matatu moja na kupanda nyingine. Roketi nayo ina "stages". Si mtungi mmoja mrefu kama inavyoonekana katika picha, bali ni mitungi kadhaa iliyopandanishwa, na kila mmoja una moto wake. Wa chini ukimaliza kuwaka huachwa uanguke, wa juu yake ukashika kazi, mzigo ukizidi kuwa mwepesi. Roketi za Scout, zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, zilikuwa na stages nne. Waitaliano hawakuchagua mahali pale kwa sababu ya samaki. Karibu na ikweta ndipo dunia inapozunguka kwa mwendo mkubwa kabisa, yapata kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi ikirushwa upande huo hupata kusukumwa bure. Na mashariki ya Ngomeni hakuna vijiji, ni maji matupu, kwa hiyo mitungi iliyokwisha kazi iliangukia baharini.

Si kila mara vipande huangukia maji. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Upana wake ulikuwa karibu mita mbili na nusu, na uzito kilo 500 hivi. Hakuna aliyeumia. Shirika la serikali la mambo ya anga lilisema ni pete ya chombo cha kurushia. Kwa hiyo kuna neno moja ambalo yafaa ulijue, nalo ni "debris", maana yake mabaki au vipande vilivyovunjika. Hutamkwa debri. Ile s ya mwisho huandikwa lakini haisemwi, kwa kuwa neno lilitoka kwa Wafaransa, nao ni wakarimu sana wa herufi zisizofanya kazi. Ukiona "Space debris. Do not touch", maana yake ni mabaki ya vyombo vya angani, usiguse. Huenda yana sumu au moto. Usiyapeleke kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, mwite chifu.

Tumefika kwenye neno linalowasumbua watu kuliko yote: "launch". Maana yake ni kurusha roketi, na pia kuzindua jambo, kama vile mkubwa anapokuja kuzindua josho au kituo cha maziwa. Hutamkwa loonch, o ndefu kama ya neno ndoo. Liko neno jingine karibu nalo, "lunch", chakula cha mchana, nalo hutamkwa lanch, a fupi. Ukikosea hapa utasema roketi imeliwa mchana. Chukua kioo kidogo cha kunyolea. Kwa "launch" midomo hukusanyika mbele kama ya mtu apulizaye moto. Kwa "lunch" midomo hulegea. Sema moja baada ya jingine mara kumi, ukitazama midomo yako wala si ukutani.

Kabla ya kuendelea, nikwambie habari ya neno letu moja lililopanda juu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Waamerika ilirushwa kutoka jukwaa lile la San Marco ili kutafuta miale ya eksirei itokayo katika nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru, na Bibi Marjorie Townsend wa Marekani, aliyesimamia kazi ile, akashauri iitwe Uhuru. Hata leo wataalamu wa nyota duniani kote hulitaja jina hilo, kwa kuwa orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale. Hapo ni zamu yao kujifunza matamshi.

"Satellite" basi ni setilaiti. Katika Kiswahili sauti hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mkuLIma, shaMBAni. Kiingereza hakina desturi hiyo. Neno hili hukazwa mwanzoni kabisa: SA-ta-lait. Kadhalika "orbit", OO-bit, ile r haisikiki sana. "Orbit" ni njia ya kuzunguka. Ukitaka kuifahamu, mtazame mbuzi uliyemfunga kwenye kigingi, akizunguka huku kamba imekaza. Kigingi ndicho dunia, na kamba ndiyo nguvu ya dunia ya kuvuta vitu, iitwayo "gravity". Kamba haionekani lakini ipo. Setilaiti ikienda kwa mwendo unaofaa haianguki wala haitoroki.

Ziko setilaiti za mvua ziitwazo Meteosat. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1977. Hizi huwekwa juu ya ikweta, mbali kiasi cha kilomita 36,000, na huko huzunguka mara moja kwa siku, sawasawa na dunia yenyewe. Kwa hiyo huonekana kama imesimama pale pale, ikiyatazama mawingu ya Afrika mchana na usiku. Ni kwa sababu iyo hiyo sahani ya televisheni iliyo juu ya nyumba ya jirani yako haina haja ya kugeuka. Setilaiti nyingine hupima joto la bahari, na bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu, mvua za vuli huweza kupita kiasi, kama mwaka 1997 na mwaka 2019.

Hapa ndipo Kiingereza kinapoingia shambani. "Weather" ni hali ya hewa. Hutamkwa wedha, dh kama ya dhahabu. "Earth" ni dunia, na pia udongo. Mwisho wake ni th kama ya thelathini, ulimi ukigusa meno. Anayesema "selasini" atasema "as", na mzungu hatamwelewa. "Forecast" ni utabiri: FOO-kaast. Na "rain", mvua, r yake isigeuke l, kwa kuwa "lane" ni njia nyembamba. Sisi tuliokuja skimu tumetoka pande nyingi, kila mtu na ulimi wa kwao, na wako ambao r na l kwao ni ndugu mmoja. Si jambo la kuchekana. Kwa l, ncha ya ulimi hushika nyuma ya meno na kubaki pale. Kwa r haishiki. Jizoeze kwa maneno haya mawili, nawe utayahitaji kila mwaka: "long rains", yaani mvua za masika.

Lakini matamshi mazuri bila maana ni hasara. Msimu mmoja mkulima wa huku kwetu alisoma ubaoni "near normal rainfall". Alijua "near" ni karibu, na "rainfall" ni mvua. Akaenda nyumbani akamwambia mkewe mvua iko karibu, nao wakapanda ekari mbili katika vumbi. Wiki tatu hazikuwa na tone. Mchwa na panya walikula mbegu, zilizobaki zikaota moja hapa na moja kule, naye akauza ndama ili anunue mbegu mara ya pili. Tangazo halikusema mvua iko karibu. "Normal" ni kiasi cha kawaida, yaani wastani wa miaka mingi. "Near normal" ni mvua inayokaribia kiasi hicho. "Above normal" ni zaidi ya kawaida, na "below normal" ni pungufu. Hakuna hata moja kati ya hayo lisemalo siku. Neno la siku ni "onset", ON-set, maana yake mwanzo wa mvua yenyewe, si manyunyu ya jioni moja. Litafute hilo katika tangazo kabla hujafungua mfuko wa mbegu. Na ujue kwamba "forecast" si ahadi: ukisoma "likely", maana yake yaelekea, si lazima. Usipofahamu, uliza ofisini. Kuuliza hakuna ada.

Sasa mazoezi. Soma sentensi hizi kwa sauti, kila moja mara tatu, na mtoto aliye shuleni akusikilize.

"The rocket was launched after lunch." Roketi ilirushwa baada ya chakula cha mchana.

"The satellite is in orbit round the Earth." Setilaiti inaizunguka dunia.

"The long rains are late on our land." Mvua za masika zimechelewa katika ardhi yetu. Hii ni ngumu. Isome polepole kwanza.

Zoezi la mwisho ni la kuandika. Hapa pana tangazo: "Below normal rainfall is likely. Onset: third week of October." Liandike kwa Kiswahili katika daftari lako. Kisha chini yake andika ungepanda nini, na wiki gani.