Mas'ala ya Poka: Je, Kamari Yaweza Kuwa Kazi?

Ama baad. Ewe ndugu, jua ya kwamba vijana wetu wamesikia khabari za watu wa Marekani waishio kwa karata, nao huuliza: "Poka ni mchezo wa akili, si wa bahati tu. Mbona usiwe kazi kama kazi nyingine?" Suali hili lataka jawabu, wala halitaki matusi.

Tukubali lililo kweli. Poka yataka hesabu, subira na kusoma uso wa mtu. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, karani wa hesabu wa Tennessee, alishinda mashindano makubwa ya Las Vegas akapata dola 2,500,000. Mwaka ule waliingia watu 839. Mwaka 2006 wakaingia 8,773, na kiingilio ni dola 10,000. Mmoja husifiwa, walio wengi hurudi mikono mitupu.

Sasa tazama fedha yatoka wapi. Watu kumi wameketi, kila mmoja ana shilingi 100. Mwenye nyumba hukata chake. Tuseme jumla ni 50. Waliingia na 1,000, wataondoka na 950. Hapana samaki aliyevuliwa wala nazi iliyoanguliwa. Katika biashara, muuzaji hupata fedha na mnunuzi hupata mchele, wakaachana wote radhi. Mezani, faida ya huyu ndiyo khasara ya yule. Ufundi haubadili asili ya mali. Hata mwizi ana ufundi.

Suali: Na aliye bingwa kabisa?

Jawabu: Stu Ungar alishinda mashindano hayo mwaka 1980, 1981 na 1997. Mwezi wa Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha kupanga, Las Vegas, ana dola 800 hivi. Alichopewa na karata kilichukuliwa na kamari za farasi na madawa ya kulevya.

Ndiyo maana Sura Al-Baqara, aya 219, haikukana kwamba kamari ina manufaa. Imebainisha kuwa dhambi yake yazidi manufaa yake. Na Al-Maida, aya 90 na 91, imeifungamanisha na ulevi, kwani huleta uadui na kumsahaulisha mtu Sala.

Basi ewe kijana, akili ya hesabu ni amana. Ipeleke dukani, chomboni au chuoni. Nawe mzee, mwanao akikuuliza usimfukuze. Mketishe, umhesabie zile shilingi 1,000.

Wallahu aalam.