Govi Lisilofunguka: Lini ni Maumbile, Lini ni Maradhi

Govi ni ngozi laini inayokifunika kichwa cha uume. Pale ngozi hiyo inaposhindwa kurudi nyuma na kukiacha kichwa wazi, hali hiyo huitwa fimosisi. Jina hili huwatia wazazi hofu, ilhali hubeba hali mbili zisizofanana: moja ni hatua ya ukuaji, nyingine ni ugonjwa. Mhudumu asiyezitenganisha anaweza kumpeleka chumba cha upasuaji mtoto asiyehitaji, au kumrudisha nyumbani mtu mzima aliyestahili kuchunguzwa mapema.

Mtoto wa kiume huzaliwa uso wa ndani wa govi ukiwa umeshikamana na kichwa cha uume. Mwaka 1949 daktari wa watoto wa Uingereza, Douglas Gairdner, alieleza kwamba ni takriban asilimia 4 tu ya watoto wachanga ambao govi lao hurudi nyuma kikamilifu. Baadaye, mwaka 1968, Jakob Øster wa Denmark alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavulana wa shule: fimosisi ilionekana kwa asilimia 8 ya wenye umri wa miaka 6 hadi 7, lakini kwa asilimia 1 tu ya wenye miaka 16 hadi 17. Wengi wao hawakutibiwa chochote; walikua tu. Vibonge vyeupe vinavyoonekana chini ya ngozi katika umri huo si usaha, bali ni chembe za ngozi iliyokufa, nazo husaidia kuachanisha govi na kichwa. Hata govi kutuna kidogo wakati wa kukojoa, iwapo mtoto hasikii maumivu na mkojo unatoka vizuri, si sababu ya upasuaji peke yake.

Ipo desturi ya kulivuta govi la mtoto kwa nguvu kila anapoogeshwa, kwa nia ya kulifungua. Ni desturi mbaya, na nasema hivyo bila kuuma maneno. Ngozi huchanika, hutoka damu, kisha kovu hujijenga mahali pale. Hivyo kilichokuwa maumbile hugeuzwa kuwa maradhi. Mzazi aoshe sehemu ya nje tu. Govi likishaachia lenyewe, mtoto afundishwe kulivuta taratibu, kunawa, kujikausha, na kulirudisha mbele.

Ugonjwa wenyewe huwa na sura nyingine. Mdomo wa govi huwa mgumu, mweupe, wenye kovu kama pete, na mara nyingi chanzo ni maradhi ya ngozi yaitwayo laikeni sklerosasi. Mtu afike kituo cha afya ikiwa govi lililokuwa likifunguka limeanza kubana, mkojo unatoka kwa uzi mwembamba au kwa kujikamua, ngozi inachanika na kuvuja damu wakati wa kujamiiana, au uvimbe na usaha hujirudia. Kwa mtu mzima ambaye hali hii imemwanza ukubwani, pimeni sukari kwenye damu, kwani wapo ambao kisukari chao hugundulika kwa njia hii. Kidonda kisichopona au kinyama kilichojificha chini ya govi hakingoji: fimosisi ya muda mrefu ni miongoni mwa visababishi vya hatari vya saratani ya uume, na aibu ndiyo huwachelewesha wengi.

Matibabu hayaanzi kwa kisu. Krimu ya steroidi, kwa mfano betamethasoni ya asilimia 0.05 hadi 0.1, hupakwa kwa wembamba kwenye sehemu iliyobana mara mbili kwa siku kwa wiki 4 hadi 8, pamoja na kuinyoosha ngozi polepole. Watoto wengi hupata nafuu. Kovu likiwa zito, matumaini hupungua. Krimu hiyo itolewe kwa maelekezo ya mtaalamu, isichukuliwe dukani kwa kukisia.

Tohara hubaki kuwa tiba ya uhakika kwa govi lenye kovu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza pia kwa kupunguza maambukizi ya VVU kwa wanaume, lakini hilo ni jambo jingine na lisichanganywe na tiba ya fimosisi. Kabla ya kumtahiri mtoto yeyote, hakikisheni tundu la mkojo liko mahali pake. Likiwa upande wa chini wa uume, msikate, kwa kuwa daktari bingwa anaweza kulihitaji govi hilo kwa ajili ya kurekebisha kasoro.

Dharura moja haina subira. Govi lililobana likivutwa nyuma na kuachwa hapo, hukikaba kichwa cha uume, nacho huvimba na kuuma. Hii ni parafimosisi, na ikicheleweshwa kwa saa nyingi damu hukosa njia. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Hapo hupewa dawa ya maumivu au ganzi, uvimbe hukandamizwa kwa mkono kwa dakika kadhaa, kisha govi hurudishwa. Katika wodi, mara nyingi chanzo ni sisi wenyewe: govi limevutwa ili kuweka mpira wa mkojo, kisha likasahauliwa. Muuguzi alirudishe mbele kabla ya kuvua glavu, na aandike katika jalada kwamba limerudishwa.