Nakshi ya Kiondo: Ikodishe, Usiiuze

Mnunuzi amefika soko la Kalundu, mjini Kitui. Amekilipia kiondo chako cha mkonge, kisha anaomba kuipiga picha nakshi yake akaichapishe kwenye vitambaa. Mama, kabla hujaitikia, fahamu kwamba hizo ni biashara mbili. Pesa aliyotoa ni ya kiondo. Nakshi uliyoibuni mwenyewe bado ni yako, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Ulinzi huo haungoji usajili, ingawa cheti cha Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husaidia sana ugomvi ukizuka.

Leseni ni kama kukodisha shamba: mwenzako analima msimu wake, hatimiliki inabaki kwako. Basi andikeni ni nakshi ipi, mkibandika na picha yake. Itatumika kwenye bidhaa gani, nchi gani, kwa miaka mingapi. Na mrabaha wa kila kipande utalipwa lini. Akitaka kuitumia yeye peke yake, bei ipande, na ruhusa ya namna hiyo haina nguvu bila maandishi yenye sahihi yako. Ruhusa ya kawaida, isiyowafungia wengine mlango, yaweza kutolewa hata kwa mdomo. Ndiyo maana ile "sawa tu" ya sokoni inatutia wasiwasi.

Tunachokihofia zaidi ni oda. Mtu akikuagiza umbunie nakshi mpya kwa malipo, sheria huchukulia kwamba hakimiliki imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kubalianeni kabla hujasokota uzi wa kwanza.

Umbo jipya la kiondo husajiliwa kwingine, katika Taasisi ya Mali ya Viwandani, KIPI: miaka 5, na huongezwa mara mbili. Nenda kabla hujakianika sokoni, kwa sababu kinachosajiliwa lazima kiwe kipya.

Na zile nakshi tulizorithi kwa bibi zetu? Hizo ni za jamii, hakuna mmoja wetu awezaye kuzikodisha kama zake. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inataka jamii iridhie kwanza, na rejista yake hutunzwa na serikali ya kaunti. Mwelekezeni mnunuzi huko, iwe mjini Kitui au mji wa Wote.

Mkataba ukija kwa Kiingereza, usomwe kwa Kikamba mbele ya kikundi chenu kizima cha wasusi kabla ya yeyote kutia sahihi, na nakala moja ibaki kwa mweka hazina.