Kwa Nini Binadamu Hupata Hedhi? Uchunguzi wa Chanzo cha Hedhi Katika Mageuko ya Mamalia

IKISIRI

Hedhi ni jambo la kawaida katika maisha ya wanawake, lakini ni wanyama wachache sana wanaolishiriki na binadamu. Makala haya yanachunguza sababu za kuibuka kwa hedhi katika mageuko ya mamalia. Yanapitia nadharia tatu kuu zilizotolewa kuhusu suala hili, yanazipima kwa ushahidi uliopo, kisha yanatetea wazo kwamba hedhi haikuibuka ili kuusafisha mwili, bali ni matokeo ya mji wa mimba unaojiandaa kumpokea mtoto kabla hajatungwa. Mwishoni, makala yanaonyesha ni kwa nini jibu hili lina uzito katika jamii ambamo hedhi ingali inaitwa uchafu.

1.0 Utangulizi

Lugha hutunza mtazamo wa jamii kuhusu mambo yake. Katika Kiswahili, neno hedhi lina asili ya Kiarabu, nalo huandamana na msamiati wa twahara: mwanamke aliyemaliza siku zake hujitwaharisha. Kuna pia semi kama vile kuwa mwezini na damu ya mwezi, zinazoihusisha hedhi na kipimo cha wakati. Msichana anapoipata kwa mara ya kwanza husemwa kwamba amevunja ungo, na katika jamii kadhaa za pwani tukio hilo liliandamana na mafunzo ya unyago kutoka kwa somo au kungwi. Nyingi ya semi hizi ni tasfida. Zinaeleza hedhi huja lini na mwanamke afanye nini inapokuja. Hakuna hata moja inayoeleza kwa nini huja.

Pengo hilo limejazwa, katika jamii nyingi za ulimwengu, na dhana kwamba damu hiyo ni taka. Dhana yenyewe haikuwa ya watu wasio na elimu pekee. Mwaka wa 1920, daktari Béla Schick, aliyefanya kazi jijini Vienna, alichapisha madai kwamba mwanamke aliye hedhini hutoa sumu inayoweza kunyausha maua anayoyashika. Wazo la sumu hiyo lilijadiliwa na wataalamu kwa miongo kadhaa ilhali ushahidi thabiti wa kuliunga mkono haukupatikana. Ni bora basi suala hili lianzwe upya, na pa kuanzia ni kuwatazama wanyama.

2.0 Wanyama Wanaopata Hedhi

Mamalia ni maelfu ya spishi, lakini inakadiriwa kwamba wanaopata hedhi hawafikii asilimia 2. Wengi wao ni jamaa wa karibu wa binadamu: sokwe, nyani na kima wengineo. Nje ya jamii hiyo kuna spishi chache za popo, sange, na aina moja ya panya-miba.

Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye pia huitwa sengi. Hedhi ya aina moja ya sange ilichunguzwa nchini Afrika Kusini katika miaka ya 1940. Jamaa yake mwenye matako ya rangi ya dhahabu huishi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi. Hedhi ya panya-miba iligunduliwa nchini Australia na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2017; mzunguko wake huchukua takriban siku 9. Mzunguko wa binadamu huwa na wastani wa siku 28, na wa sokwe takriban siku 36. Tofauti hizi ni dalili kwamba urefu wa mzunguko haukuwekwa na mwezi wa angani, ingawa lugha nyingi zimeuhusisha nao.

Inafaa kutofautisha hedhi na damu nyingine. Mbwa jike hutokwa na damu, lakini damu hiyo huja kabla ya yai kupevuka, wakati mnyama anapokaribia kupandwa. Ng'ombe naye huweza kutokwa na damu kidogo siku chache baada ya joto. Katika hali zote mbili utando wa mji wa mimba haubomoki. Hedhi halisi huja mwishoni mwa mzunguko, baada ya yai kupevuka na mimba kutotungwa.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba makundi yaliyotajwa hayana ujamaa wa karibu. Sange ni jamaa wa tembo kuliko alivyo jamaa wa binadamu, na tembo hapati hedhi. Hii ina maana kwamba hedhi iliibuka zaidi ya mara moja, katika koo mbalimbali, kila ukoo kwa wakati wake. Nadharia yoyote inayodai kueleza chanzo cha hedhi sharti ioneshe ni nini kinachoziunganisha koo hizi.

3.0 Jinsi Hedhi Inavyotokea

Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, homoni ya estrojeni huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba kukua. Yai likishapevuka na kutoka katika ovari, mahali lilipotoka huanza kutoa homoni nyingine, projesteroni. Kwa amri ya homoni hii, seli za utando hubadilika umbo na kazi: huvimba, hujaa virutubishi, na mishipa midogo ya damu hujizungusha kati yao. Seli zikishageuka hivyo haziwezi kurudi zilivyokuwa. Iwapo mimba haikutungwa, projesteroni hupungua, mishipa hujibana, utando hubomoka na kutoka pamoja na damu.

Kiasi cha damu inayopotea kwa kawaida ni kati ya mililita 30 na 50, na sehemu kubwa ya utando uliobomoka hufyonzwa tena na mwili. Kiini cha suala ni yale mageuzi ya seli. Katika mamalia walio wengi mageuzi hayo hayafanyiki mpaka kiinitete kifike na kutoa ishara. Katika binadamu hufanyika kila mzunguko, kiinitete kiwepo kisiwepo. Ni sawa na nyumba inayotandikwa kila mwezi kwa ajili ya mgeni ambaye hajabisha hodi.

4.0 Nadharia Kuhusu Chanzo cha Hedhi

4.1 Hedhi kama usafishaji

Mwaka wa 1993, mtafiti Mmarekani Margie Profet alipendekeza kwamba hedhi ni kinga. Kwa maoni yake, mbegu za kiume hubeba vijidudu hadi ndani ya mji wa mimba, na damu ya hedhi huvisukuma nje. Nadharia hii ilizua mjadala mkubwa kwa sababu ilichukulia hedhi kuwa na manufaa, badala ya kuiona kama kasoro.

Hata hivyo, ina udhaifu. Ikiwa kazi ya hedhi ni kuondoa vijidudu vinavyoletwa na mbegu, basi wanyama wanaojamiiana na madume wengi wangetarajiwa kutokwa na damu nyingi zaidi. Uhusiano huo haukupatikana. Isitoshe, damu yenyewe ina madini ya chuma na sukari ambayo bakteria huyatumia kujistawisha. Aidha, mamalia walio wengi hupandwa bila kupata hedhi na bado huzaa salama.

4.2 Hedhi kama uwekaji wa akiba

Mwaka wa 1996, mwanaanthropolojia Beverly Strassmann alitoa hoja tofauti. Alisema kwamba kuudumisha utando ulio tayari kwa mimba ni gharama kubwa kwa mwili, na kwamba ni nafuu kuubomoa na kuujenga tena kuliko kuutunza daima. Alionyesha kwamba katika nusu ya kwanza ya mzunguko mwili hutumia nishati kidogo kwa angalau asilimia 7 kuliko katika nusu ya pili.

Hoja hii inaeleza vyema kwa nini utando hauachwi ukae. Haielezi kwa nini uliandaliwa mapema. Ng'ombe, mbuzi na paka huokoa nishati zaidi kwa kutouandaa kabisa kabla ya kiinitete kufika. Swali basi halijajibiwa, limesogezwa nyuma hatua moja.

4.3 Hedhi kama matokeo ya maandalizi ya mapema

Nadharia ya tatu ilianzishwa na Colin Finn, na ikapanuliwa mwaka wa 2012 na Deena Emera, Roberto Romero na Günter Wagner. Wataalamu hawa wanashikilia kwamba damu yenyewe haikuteuliwa na maumbile kwa sababu ya faida yoyote. Kilichoteuliwa ni mji wa mimba kuuandaa utando wake bila kungojea ishara ya kiinitete. Kwa kuwa seli zilizogeuka haziwezi kurejea hali yake ya awali, hazina budi kuondolewa mimba isipotungwa. Damu ni gharama ya maandalizi hayo.

Nadharia hii inatimiza sharti lililowekwa katika sehemu ya pili, kwani sifa inayowaunganisha wanyama wanaopata hedhi ni hiyo ya utando kujiandaa wenyewe. Lakini inaibua swali jipya: mwili unapata faida gani kwa kujiandaa mapema kiasi hicho?

5.0 Mama na Kiinitete

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika mji wa mimba wa binadamu, mgeni huyu huja na mahitaji yanayoweza kumdhoofisha mwenyeji. Kondo la ng'ombe hugusana tu na ukuta wa mji wa mimba bila kuupenya. Kondo la binadamu hupenya utando wote hadi kwenye msuli, huibadilisha mishipa ya mama, na hukaa likiogelea katika damu yake. Likishafika hapo, humwaga homoni zake moja kwa moja katika damu ya mama. Baadhi huzuia hedhi isije, na nyingine husaidia kuongeza sukari inayomfikia mtoto.

Mwaka wa 1974, Robert Trivers alieleza kwamba maslahi ya mzazi na ya mtoto hayalingani kikamilifu, kwa kuwa mtoto ana nusu tu ya jeni za mama. Mwaka wa 1993, David Haig aliitumia hoja hiyo kuelezea ujauzito. Mtoto hunufaika akipata zaidi. Mama hunufaika akitoa kiasi kinachotosha, ili abakiwe na nguvu za kuwalea watoto wengine. Kwa mtazamo huu, utando ulioandaliwa mapema ni ngome. Huruhusu kondo lipenye, lakini kwa kiasi.

Utando huo una kazi nyingine, nayo ni ya upimaji. Viinitete vingi vya binadamu huwa na hitilafu za kromosomu ambazo haziwezi kuleta mtoto hai. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, Jan Brosens na wenzake walionyesha katika maabara kwamba seli zilizokwisha kugeuka hutambua kiinitete chenye kasoro na kupunguza utoaji wa kemikali zinazokisaidia kujishikiza. Hivyo mimba isiyo na matumaini huweza kukoma mapema, kabla mama hajatumia miezi na nguvu zake.

Si kila kiinitete kinachopenya kwa kina kimeambatana na hedhi. Kondo la panya wa kawaida hupenya pia, lakini utando wake husubiri ishara. Kwa hiyo upenyaji peke yake hautoshi kueleza hedhi. Ni upenyaji pamoja na mama kuyatwaa madaraka ya maandalizi. Hapo ndipo nadharia ya tatu inapopata nguvu yake.

6.0 Umuhimu wa Jibu Hili

Kwanza, jibu hili linaathiri tiba. Strassmann alipowachunguza wanawake wa Dogon nchini Mali, ambao huzaa mara nyingi na kunyonyesha kwa muda mrefu, alikadiria kwamba mwanamke hupata hedhi takriban 100 maishani. Mwanamke wa mijini katika nchi zilizoendelea huweza kupata 400. Kwa wale ambao hedhi yao ni nzito, hali hii huongeza upungufu wa madini ya chuma. Kuna pia maradhi ya endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba huota nje yake na kuleta maumivu makali. Maradhi haya huwapata hasa viumbe wanaopata hedhi. Ndiyo maana nyani wametumiwa kuyachunguza katika taasisi ya utafiti iliyoko Karen, Nairobi.

Pili, jibu hili linahusu heshima. Serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa sodo mwaka wa 2004, na mwaka wa 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa ili wasichana walio shuleni wapewe sodo bila malipo. Hatua hizi ni za kupongezwa. Hata hivyo, sodo humlinda msichana dhidi ya doa tu. Haimlindi dhidi ya kicheko cha wenzake wala dhidi ya fikra yake mwenyewe kwamba ana kitu kichafu. Fikra hiyo huondolewa kwa maarifa, na maarifa huhitaji lugha inayoweza kuyabeba waziwazi darasani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hedhi si uchafu unaotolewa mwilini, wala si sumu. Nadharia ya usafishaji haiungwi mkono na ushahidi, na ile ya akiba inaeleza sehemu tu ya suala. Maelezo yanayoafiki zaidi yanayojulikana kuhusu wanyama ni kwamba katika koo chache za mamalia mama alianza kuuandaa mji wake wa mimba kabla ya kiinitete kufika, ili akipokee, akipime na akiwekee mpaka. Kisipokuja, maandalizi hubomolewa na kuanzwa upya.

Kiswahili kina tasfida za kutosha za kulisitiri jambo hili, na sitara ina mahali pake. Kinachohitajika sasa ni walimu na waandishi wa vitabu vya shule kulieleza kwa Kiswahili sanifu, ili msichana anayevunja ungo leo aambiwe, pamoja na namna ya kujisitiri, kwamba mwili wake umejenga na kubomoa kwa sababu.