Mafunzo Niliyopata Nikiuza Matangazo ya Mabasi

Kwa miaka kadhaa kazi yangu hapa Dar es Salaam ilikuwa kutafuta wadhamini wa mabasi na vituo. Nilizunguka kwenye kampuni za simu, benki, viwanda vya sabuni na vya soda, kisha nikarudi kwa wenye magari na maofisa wa usafiri kupatana bei. Naamini kwa dhati kwamba fedha hizi zinaweza kumfaa abiria. Zinaweza pia kumpita asizione hata kwa mbali.

1. Tangazo hulipia kitu kimoja

Katika vikao vingi hakukosi mtu wa kusimama na kusema tukipata wadhamini nauli itashuka. Hesabu inakataa. London ni kati ya miji inayovuna sana kwenye matangazo ya usafiri: kabla ya corona, mamlaka yake ilikuwa ikipata zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Lakini nauli zilikuwa zikiingiza zaidi ya pauni bilioni 4. Kule Cleveland, Marekani, njia ya mabasi yaendayo haraka ya Euclid Avenue ilifunguliwa mwaka 2008 kwa gharama ya takriban dola milioni 200. Hospitali mbili kubwa zilinunua haki ya jina, njia ikaitwa HealthLine, kwa dola milioni 6.25 katika miaka 25. Ukigawa, ni dola 250,000 kwa mwaka. Vituo vitafagiliwa na taa zitabadilishwa. Mishahara ya madereva itatafutwa kwingine.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda ni wa Jean-Claude Decaux, aliyeanza Lyon, Ufaransa, mwaka 1964. Kampuni yake ilijenga vibanda vya kungojea basi, ikavisafisha na kuvikarabati bila jiji kutoa fedha, yenyewe ikajilipa kwa kuuza nafasi ya mabango kwenye vibanda hivyohivyo. Mapatano ya namna hiyo abiria anayakagua mwenyewe. Masika ikianza, paa lipo au halipo.

2. Uliza fedha zinaingia mfuko wa nani

Hapa ndipo penye kazi kwetu. Daladala nyingi ni mali ya watu binafsi. Dereva na konda humpelekea tajiri hesabu ya siku, kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Stika ikibandikwa ubavuni, malipo yake ya mwezi huenda kwa tajiri. Hesabu haipungui, kwa hiyo dereva bado anakimbizana na mwenzake kituoni, konda bado anashindilia watu mlangoni, na nauli ni ileile. Siku moja mafundi wakiwa wanabandika, konda wa gari hilo aliniuliza, "Kaka, na sisi wa humu ndani tunapata nini?" Tangu hapo nilikuwa naliuliza swali hilo kabla ya kutaja bei.

Simlaumu tajiri, gari ni lake, mkopo ni wake, matairi ni yake. Ila fedha hiyo isiitwe mchango kwa usafiri wa umma, maana ni mapato ya biashara yake. Inakuwa mchango pale panapokuwa na chombo kinachoipokea kwa niaba ya abiria: halmashauri, wakala wa mabasi yaendayo haraka, au hata ushirika wa wenye daladala wa njia moja. Chombo hicho kiwe na akaunti ya matangazo peke yake, na mkataba utaje kazi zitakazofanywa. Fedha ikichanganywa kwenye kapu kuu, mwaka ukiisha hakuna anayeweza kukuonyesha hata benchi moja.

3. Wa katikati naye anakula

Nilikuwa wa katikati, najua. Mtafuta wadhamini ana gharama zake na anastahili malipo, lakini asilimia yake isiwe siri. Philadelphia ilipouza jina la kituo cha treni cha Pattison mwaka 2010, kampuni ya simu ya AT&T ilikubali kutoa dola milioni 5.4 kwa miaka 5. Mamlaka ya usafiri ilipata kama milioni 3.4, zilizobaki zilikwenda kwa kampuni ya matangazo iliyosimamia mpango. Wakazi waliweza kuzipima namba hizo kwa sababu zilitangazwa. Kwetu kinachotangazwa mara nyingi ni ile kubwa ya juu tu, siku ya hafla, mbele ya kamera.

4. Basi lisomeke

Mdhamini akiachiwa, atafunika gari zima. Sasa daladala zetu zina mistari ya rangi inayotambulisha njia, na kuna watu wengi wanaosoma rangi hiyo kabla ya kibao cha mbele: bibi ambaye macho yamepungua nguvu, mgeni, mtu aliye mbali anayekimbia. Ukiuza mstari, umemuuzia mdhamini kitu ambacho ni cha abiria. Vilevile madirisha. Stika zenye vitundu vidogo huruhusu kuona nje mchana, lakini usiku wa mvua mtu hajui kama amefika Tabata au bado. Nililisimamia hili mara kwa mara na wapo wateja walioondoka kwa sababu hiyo. Mbavu, mgongo wa gari na dari kwa ndani vinatosha.

5. Majina ya vituo yana wenyewe

Watu wa Dar walishavipa vituo majina yao: Buguruni Sheli, Ubungo Maziwa, Tazara. Walichukua kinachoonekana pale, sheli au kiwanda, wakakifanya alama ya njia, na hakuna aliyelipwa. Jina lililonunuliwa hushindana na hilo, tena lenyewe lina tarehe ya kufa. Kituo kilekile cha Philadelphia kilibadilishwa tena mwaka 2018, kikaitwa NRG, jina la kampuni ya umeme. Kila badiliko ni ramani mpya, vibao vipya, na abiria wa kuelekezwa upya.

Cleveland naiweka kando, kwa kuwa mabasi yale yanapita kweli kwenye hospitali zilizolipa. Jina linamsaidia msafiri kujua aendako. Hicho ndicho kipimo ningekitumia hapa kabla ya kuuza jina lolote.

6. Kuna fedha za kukataa

Kubeti kunalipa vizuri na kwa haraka. Nami nasema wazi kwamba matangazo ya kubeti na ya pombe hayafai kwenye gari linalobeba watoto wa shule asubuhi na jioni. Anayedhani msimamo huo utaua mapato aitazame London, ambayo Februari 2019 ilizuia matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi kwenye usafiri wake wote. Mapato hayakuporomoka. Kampuni nyingi zilitangaza bidhaa zao nyingine, nafasi ikaendelea kuuzika.

7. Soma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho

London hiyohiyo ilijenga gari la kamba juu ya mto Thames, likazinduliwa mwaka 2012 kwa udhamini wa shirika la ndege la Emirates: pauni milioni 36 kwa miaka 10. Mwaka uliofuata vifungu vya mkataba vilipoanikwa, ilionekana kuna vilivyogusa siasa za nje za nchi ya mdhamini, na ikabidi virekebishwe. Mwaka 2022 muda ukaisha, mdhamini akaondoka, na aliyekuja nyuma yake akatoa fedha kidogo zaidi. Weka kifungu cha nani atang'oa vibao, na usimpe mdhamini kauli juu ya jambo lolote nje ya bango lake.

8. Mdhamini hufuata macho

Corona ilipowaondoa watu kwenye mabasi na treni duniani, matangazo yaliondoka nao. Kazi isiyoweza kusimama isitegemee mapato haya.

9. Ningeanza na wanafunzi

Mwanafunzi hulipa nauli ndogo, kwa hiyo konda humsukuma pembeni ampakie mtu mzima. Kila anayeamka alfajiri mjini hapa ameona watoto wenye sare wakiachwa na gari la tatu, la nne. Tofauti kati ya nauli ya mwanafunzi na ya mtu mzima inajulikana, inahesabika, na mdhamini anaweza kuibeba. Njia moja, muhula mmoja, shule zilizo kwenye njia hiyo. Mtoto agonge kadi anapopanda, jumla ifungwe kila Ijumaa, tofauti ilipwe na igawanywe kwa tajiri, dereva na konda kwa viwango walivyokubaliana. Jina la mdhamini likae mlangoni, juu kidogo ya ngazi, pale ambapo mtoto anaweka mguu.